Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Mbeya: vibanda vya gemu visifungwe, dau ndilo liondolewe

Kwa Mkurugenzi wa Jiji, Waheshimiwa Madiwani, Afisa Elimu Sekondari, Afisa Ustawi wa Jamii na wenyeviti wa mitaa yetu.

Ndugu viongozi,

Nawasalimu nyote kwa heshima. Ninaandika kuhusu vibanda vya gemu vilivyoenea mitaani kwetu, kuanzia Mwanjelwa na Soweto hadi Ilomba, Sae na Uyole. Katika vikao vya wazazi ombi ninalolisikia kila mara ni kwamba vifungwe vyote, kwa kuwa gemu za bunduki na ngumi zinawaharibu watoto na kuwafanya wakatili. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, ninasimamia ushauri nasaha shuleni, na ni mama wa watoto wanaocheza gemu hizo hizo. Nawaomba msilikubali ombi hilo kama lilivyo. Vibanda vina madhara na nitayasema bila kuficha, ila hayako pale tunapoyatafuta. Tukivifunga kwa sababu isiyo ya kweli, tatizo lenyewe litahamia chumba cha nyuma, na sisi tutalala tukiamini kazi imekwisha.

Hofu ya wazazi naielewa. Mwanao wa darasa la sita yuko mbele ya skrini, anamwendesha mtu anayemvuta dereva nje ya gari na kuondoka nalo, anawapiga polisi risasi, na wenzake waliosimama nyuma wanashangilia. Nani asishtuke? Gemu hiyo, GTA: San Andreas, ilitoka mwaka 2004 na mpaka leo wapo watoto wanaoijua mitaa yake kuliko mitaa ya Mbeya. Huko Ulaya gemu hiyo iliwekewa alama ya miaka 18. Walioitengeneza hawakuwa na mtoto wa shule ya msingi akilini, na ninakubaliana na kila mzazi anayesema kwamba haimfai mtoto wa miaka 10. Lakini kumwambia mtoto kwamba kitu hakimfai ni tofauti sana na kudai kwamba kitu hicho kinamgeuza kuwa mhalifu, na hoja inayotumika kutaka vibanda vifungwe ni hiyo ya pili.

Wa rika langu watakumbuka vibandaumiza vilivyoonyesha sinema za karate, na jinsi wazazi wetu walivyoamini tutatoka pale tukivunjana mbavu. Tulipigana mateke ya kuigiza njiani, tukafika nyumbani, tukatumwa maji.

Wenzetu wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1993 Seneti ya Marekani ilikaa kujadili gemu kama Mortal Kombat, ambayo mshindi anaweza kumng'oa mwenzake moyo. Mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya kuzipanga gemu kwa umri wa mchezaji, hazikupigwa marufuku. Jimbo la California lilipotunga sheria mwaka 2005 ya kuzuia gemu za ukatili zisiuzwe kwa watoto, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa mwaka 2011 kwa majaji saba dhidi ya wawili. Katika hukumu hiyo mahakama ilieleza kwamba tafiti zilizowasilishwa hazikuthibitisha kuwa gemu ndizo zinazosababisha watoto watende kwa shari.

Tafiti hizo zilisema nini hasa? Wanasaikolojia Craig Anderson na Brad Bushman walizikusanya tafiti nyingi mwaka 2001, wakarudia na wenzao kwa upana zaidi mwaka 2010, wakahitimisha kwamba gemu za ukatili huongeza hasira na fikra za shari. Kazi yao isidharauliwe. Ila tutazame kilichokuwa kinapimwa. Katika majaribio mengi ya maabara mtu alicheza muda mfupi, kisha akapewa nafasi ya kumpigia mwenzake kelele za kuumiza masikio, au kumpimia pilipili atakayokula, na watafiti wakaangalia amezidisha kwa kiasi gani. Kinachoonekana hapo ni joto la mtu aliyetoka kushindana dakika hiyo hiyo. Mshabiki anayetoka Uwanja wa Sokoine baada ya timu yake kufungwa dakika ya mwisho ana joto hilo hilo, na kesho yake asubuhi yuko sokoni anauza viazi kwa upole wake wa kawaida.

Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein, watafiti wa Uingereza, walichapisha kazi ambayo mimi kama mwalimu ninaiheshimu sana kwa jinsi ilivyofanywa. Waliwachunguza vijana wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, umri wa wanafunzi ninaowafundisha. Kiasi cha ukatili uliomo ndani ya gemu hawakukiacha kwa mchezaji akikadirie. Walitumia alama rasmi za gemu zenyewe. Na kuhusu tabia ya kijana nyumbani, walimuuliza mzazi au mlezi anayeishi naye. Hawakukuta uhusiano kati ya kucheza gemu za ukatili na kijana kuwa mgomvi. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Simone Kühn na wenzake wa Ujerumani waliwapa watu wazima GTA V waicheze kila siku kwa miezi miwili, wakawapima kabla na baada, na hawakuona wamekuwa wakali zaidi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kwenye tamko lake la 2015 kilisimama karibu na wenye hofu, kilitoa tamko jipya mwaka 2020: ushahidi hautoshi kuziunganisha gemu na vitendo vya ukatili. Kilichobaki, kwa maelezo yao, ni uhusiano mdogo na mambo kama kufokeana na kusukumana. Japani na Korea Kusini, ambako gemu zimeingia karibu kila nyumba, ni miongoni mwa nchi zenye mauaji machache zaidi duniani.

Kufokeana na kusukumana nakuona kila wiki, sikatai. Matusi ya kibandani yanafika darasani. Mtoto anayekaa jioni nzima kati ya vijana wakubwa wanaotukana atatukana, hata kama kinachochezwa ni mbio za magari. Hayo anayajifunza kwa watu waliomzunguka, na kwa hiyo dawa yake ni mtu mzima mwenye kauli ndani ya chumba hicho.

Sasa niwapeleke penye jambo lenyewe. Siku moja jioni ingieni kibandani, msimame nyuma kabisa, na msiitazame skrini. Tazameni pesa inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Gemu inayochezwa zaidi ni ya mpira, haina tone la damu, na sijawahi kumsikia mzazi akiilalamikia kikaoni. Mechi moja ni jero, yaani shilingi mia tano, kwingine pungufu kidogo. Na utaratibu nilioukuta karibu kila nilikoingia ni huu: anayefungwa ndiye anayelipa. Mshindi anabaki na pedi ya kuchezea mkononi, aliyefungwa anatoa pesa na kumpisha anayefuata.

Mchukueni mtoto aliyetoka nyumbani na jero moja mfukoni. Akiwa hodari, atacheza mpaka giza liingie na jero yake atarudi nayo. Akiwa dhaifu, inaondoka kwenye mechi ya kwanza, naye anaona aibu kuondoka mbele ya wenzake. Anakopa ili ajikomboe. Kuna wanaomkopesha, maana wanajua genge la mama yake liko wapi. Wakubwa nao wanaongeza lao juu: mbali na pesa ya kibanda, wanawekeana buku (shilingi elfu moja), buku mbili, na walio nyuma nao wanaweka kwa yule wanayemwamini. Hapo mpira umeshakuwa kamari ya wazi, na anayejifunza ana miaka 13. Anajifunza kwamba pesa iliyopotea hurudishwa kwa kuweka nyingine. Fundisho hilo ndilo lililomfilisi mtu mzima mwenye mshahara, sembuse mtoto anayetegemea chenji ya dukani.

Kesi zinazofika kwenye meza yangu zina sura hiyo. Mchango wa chakula cha mchana ulitoka nyumbani haukufika shuleni. Kikokotoo cha dada kimepotea. Simu ya baba imekatwa salio na hakuna anayejua nani aliishika. Mwanafunzi mmoja aliletwa kwangu kwa kumpiga mwenzake hadi kumchana mdomo, na sote ofisini tukaanza na swali lile lile la gemu gani huwa anacheza. Alinijibu kwa adabu, kichwa kainamisha: "Madam, sikumpiga kwa sababu ya gemu. Nilimpiga kwa sababu halipi." Walikuwa wanadaiana pesa ya mechi za mpira.

Na pembeni ya pedi, kwenye baadhi ya vibanda, kuna dubwi, mashine ya kamari ya sarafu, linawaka taa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari ya aina yoyote. Lakini mtoto anayesubiri zamu yake ya gemu hana pa kuangalia isipokuwa ile mashine, na sarafu ya chenji iko mkononi. Akitoka hapo, hatua chache mbele, wakubwa wanajadili mkeka wa kubeti wa wikiendi na wanamuuliza yeye, kwa kuwa ndiye anayezijua timu. Ujuzi wa wachezaji alioupata kwenye gemu ya mpira ndio unaomfanya aamini kwamba anaweza kubeti akashinda. Kama mnataka kujua gemu zinabadilisha vipi mtazamo wa mtoto, anzieni hapo. Hafikirii kuua mtu. Anafikiri kwamba bahati inaweza kuwa kazi.

Kwenye simu dau limejificha vizuri zaidi. Free Fire na gemu za mpira za simu ni za bure kupakua, kisha ndani yake kuna magurudumu ya kuzungusha na paketi za kufungua kwa pesa bila kujua utapata nini. Ubelgiji, baada ya uchunguzi wa mwaka 2018, ilitamka kwamba paketi za namna hiyo katika gemu kadhaa, ikiwemo gemu ya mpira ya FIFA 18, ni kamari na ni kinyume cha sheria yake, na kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu hiyo ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia paketi hizo mapema mwaka 2019. Watafiti wa Uingereza, David Zendle na Paul Cairns, walichapisha mwaka 2018 utafiti unaoonyesha kwamba wanaotumia pesa nyingi kwenye paketi hizo ndio wenye matatizo makubwa zaidi ya kamari. Kipi kinaanza kati ya hivyo viwili, utafiti huo haukuthibitisha. Kwa mlezi, kujua kwamba vinatembea pamoja kunatosha kuchukua hatua.

Kuhusu muda nitasema kidogo, kwa kuwa linaeleweka. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu kuliko kila kitu, na kuendelea hata maisha yanapoharibika, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Shirika lenyewe linasema wanaofikia hapo ni sehemu ndogo ya wachezaji. Kwa hiyo mwanafunzi anayekosa kipindi cha kwanza mara moja moja asipachikwe jina la mraibu, na yule ambaye ameacha shule, ameacha kuoga na ameacha kula asiambiwe ni mvivu. Huyo wa pili anahitaji Afisa Ustawi wa Jamii na mhudumu wa afya. Kwa sasa anapata fimbo.

Kuna atakayesema kwamba Uchina imebana: tangu mwaka 2021 mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu ya jioni, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ni kweli, na wana mitambo ya kumtambua kila mchezaji kwa kitambulisho chake. Sisi hatuna. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Korea Kusini. Mwaka 2011 walizuia watoto wa chini ya miaka 16 wasicheze gemu za mtandaoni kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Sheria ile ililenga kompyuta, watoto wakahamia kwenye simu ambazo haikuzigusa, na mwaka 2021 serikali yao ikatangaza kuifuta. Mkifunga vibanda vya Mbeya leo, hao watoto hawarudi kwenye madaftari. Wanaingia kwenye simu, gizani, chini ya blanketi, ambako hamna mwenye kibanda wa kumwita wala mlango wa kugonga.

Na tuulizane wangekwenda wapi kwingine. Juni na Julai baridi ya hapa inajulikana. Kibanda chenye watu na televisheni kina joto ambalo nyumba nyingi hazina jioni ile. Mvua zikianza Novemba, viwanja vilivyobaki ni tope mpaka zikatike. Viwanja vyenyewe vinapungua kila mwaka kadiri nyumba zinavyojengwa. Mabinti ndio hawana kabisa pa kwenda: kibandani hawaingii kwa kuogopa maneno ya wavulana, uwanjani hawapewi nafasi. Binti yangu anacheza vizuri kuliko kaka zake, lakini siwezi kumruhusu akanyage pale, na hilo linaniuma.

Gemu zina faida yake pia. Shawn Green na Daphne Bavelier walionyesha mwaka 2003 kwamba gemu za kasi zinanoa uwezo wa macho wa kuzingatia vitu vingi kwa pamoja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba madaktari wa upasuaji wa kutumia kamera waliowahi kucheza gemu kwa zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kuliko wasiocheza kabisa. Ulikuwa utafiti mdogo, wa madaktari 33, na sitaki kuujengea ghorofa. Ninayemjua kwa macho yangu ni mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeanza kupenda hesabu kwa kutaka kujua gemu inatengenezwaje. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko hapa hapa jijini. Vijana wake wakikaribishwa shuleni Jumamosi moja moja kuwaonyesha wadogo zao jinsi programu inavyoandikwa, gharama yake ni nauli ya bajaji.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Tungeni sheria ndogo inayovitambua vibanda vya gemu kama biashara yenye masharti yake, na sharti la kwanza liwe kwamba gemu na kamari havikai chumba kimoja: pasiwe na dubwi, pasiwe na mkeka, pasiwe na kuwekeana dau. Utaratibu wa anayefungwa kulipa ukome. Malipo yawe kwa muda, kila mchezaji alipe nusu yake kabla ya pedi kushikwa, na bei ibandikwe ukutani. Nimewauliza wenye vibanda wawili watatu jirani na kwangu. Wanasema pesa yao itakuwa ile ile na ugomvi utapungua. Mtoto asikopeshwe. Deni la mtoto lisidaiwe kwa mtoto.

Siku za shule, mwenye umri wa kwenda shule asiingie kabla ya saa kumi jioni, na saa kumi na mbili awe ametoka. Mlango ukae wazi, mtu mzima awepo, na mwenyekiti wa mtaa awe na orodha ya vibanda vya mtaani kwake pamoja na namba za wenyewe. Gemu zenye alama ya 18 zisiwashwe muda wa watoto. Alama hizo zimeandikwa kwenye kasha la kila diski halali, na kwa zile zisizo na kasha, vijana wenyewe wanazijua. Kikitengwa kipindi cha mabinti Jumamosi asubuhi, nitakuja kukaa pale mwenyewe.

Kuhusu utekelezaji, naomba usianzie kwa mgambo kubeba televisheni za watu. Wengi wa wenye vibanda ni vijana waliokopa mtaji, na kibanda ndicho kinachowatoa kijiweni. Waitwe kata kwa kata, waelezwe, wapewe muda. Atakayebaki na dubwi baada ya hapo, sheria ya nchi inajitosheleza, na hapo msimuonee huruma.

Kwa Afisa Elimu nina ombi la peke yake. Kwenye mafunzo ya walimu wa ushauri nasaha tuongezewe somo la kamari. Tumefundishwa kuuliza kuhusu bangi, pombe na mapenzi. Tufundishwe pia kumuuliza mtoto, kwa upole na faraghani, anadaiwa na nani na kiasi gani. Mara nyingi swali hilo peke yake linamtoa machozi, na baada ya machozi anasema yote.

Rasimu ya masharti niliyoyataja nimeiandika, kurasa mbili tu, na wazazi wa shuleni kwetu wameipitia. Nitaileta ofisini kwa mkono, na niko tayari kuitwa mbele ya kamati yoyote ya madiwani, siku yoyote baada ya saa tisa alasiri vipindi vinapokwisha. Nikipewa nafasi, ningependa nije na mwenye kibanda mmoja na wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wasikilizwe na wao.

Wenu katika malezi,

Mwalimu na mzazi,
Ilomba, Mbeya